Tarakimu Tatu Ubavuni mwa Tairi

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ilinizidi, lakini nimerudi. Leo nataka tuongee habari za matairi. Najua mmezoea kuja hapa kusoma mambo ya kompyuta, lakini vumilieni, mtaona wenyewe kwamba hatutakwenda mbali nayo. Hadithi hii ina ndani yake kosa ambalo kila mwanaprogramu analijua, na kosa hilo lilikaa ubavuni mwa matairi kwa karibu miaka 30.

Kwanza hebu fanya jambo moja. Nenda pale ulipoweka tairi la spea, au yale manne uliyorundika nyuma ya jikoni ukingoja siku ya kuyauza, uchuchumae uangalie ubavuni. Utaona herufi DOT, halafu mlolongo wa herufi na nambari. Mwisho kabisa, mara nyingi ndani ya umbo kama yai, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3519 ujue tairi lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2019, yaani mwishoni mwa Agosti. Usipoziona geuza tairi, huenda ziko upande wa pili. (Na kama wewe ni mwanaprogramu tayari umekasirika: nani huyo aliyeweka wiki mbele ya mwaka? Ukizipanga nambari hizi kwa mfuatano, tairi la 0124 linatangulia la 5223 ilhali ni jipya zaidi!)

Kabla ya mwaka 2000 mambo yalikuwa mabaya kuliko hayo. Tarakimu zilikuwa tatu: mbili za wiki na MOJA ya mwaka. Ndiyo, moja. Tairi lililoandikwa 408 lilitengenezwa wiki ya 40 ya mwaka unaoishia na 8. Upi? 1978, 1988 au 1998? Tairi halisemi. Katika miaka ya 1990 baadhi ya viwanda viliongeza pembetatu ndogo baada ya tarakimu hizo kuonyesha kwamba muongo ni huo wa tisini. Kwa lugha ya kazi yangu hicho kinaitwa kiraka, na kwa lugha ya fundi wa pancha pia ni kiraka.

Wenye umri mnakumbuka kelele za tatizo la mwaka 2000, jinsi dunia ilivyotumia mabilioni ya dola kurekebisha programu zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, nimeyasoma chuoni tu. Wazee wetu wa programu angalau walikuwa na sababu, kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali kama dhahabu. Lakini waliotengeneza matairi walikuwa na nafasi tele, ubavu mzima wa mpira mtupu! Kwa nini basi tarakimu moja? Swali hili lilinisumbua kwa muda, na jibu nililolipata linahusu namna tairi lilivyokuwa likiishi na kufa zamani zile.

Mlolongo ule ulianza kudaiwa na serikali ya Marekani mwaka 1971. DOT ni Wizara yao ya Uchukuzi. Shabaha haikuwa kumsaidia mnunuzi ajue umri wa tairi. Shabaha ilikuwa kwamba kiwanda kikigundua kimetoa matairi mabovu wiki fulani, kiweze kuyaita yarudi. Kwa kazi hiyo tarakimu moja ya mwaka ilitosha kabisa, kwa sababu Mmarekani wa wakati huo alikuwa bado anatumia tairi la muundo wa zamani, ambalo nyuzi zake zinapishana kimshazari. Tairi la namna hiyo lilikuwa likijisugua upesi barabarani na kuwa kipara baada ya miaka michache tu. Nani angekaa nalo miaka kumi?

Lakini huko Ufaransa mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza. Michelin walipata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, wakaanza kuliuza mwaka 1949 kwa jina la Michelin X. Nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini ya meno kuna mikanda ya waya za chuma. Lina joto dogo, linashika barabara vizuri, na meno yake yanadumu muda mrefu zaidi. Marekani walichelewa kulipokea, lakini katika miaka ya 1970 na 1980 likatawala huko pia.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na kwa maoni yangu wengi hawakuliona hilo. Tairi la zamani lilikufa kwa kuchakaa. Tairi la radiali, hasa kwa mtu asiyeendesha sana, linaweza kubaki na meno mazuri huku mpira wenyewe umezeeka ndani. Macho yanasema ni zima. Umri unasema vingine, na umri uliandikwa kwa tarakimu moja.

Mpira unazeeka vipi? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani aliyehangaika kwa miaka mingi na madeni, aligundua kwamba ukiupika utomvu wa mpira pamoja na salfa unaacha kunata wakati wa joto na kuvunjika wakati wa baridi. Salfa inaifunga minyororo mirefu ya molekuli pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Boyd Dunlop kule Belfast akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, na dunia ikaingiwa na njaa ya mpira. (Njaa hiyo ndiyo iliyolipiwa kwa mikono na roho za watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hiyo ni habari inayotaka makala yake peke yake.) Ila upishi wa Goodyear hauishi pale kiwandani. Joto linauendeleza polepole mpaka mpira unakuwa mgumu, na hewa ya oksijeni nayo inaikata ile minyororo kidogo kidogo. Tena kuna adui wa tatu, ozoni.

Habari ya ozoni naipenda sana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho, na mipira ya magari ikawa inapasuka nyufa haraka kuliko kawaida. Mwanakemia wa Caltech, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba moshi wa magari na viwanda ukipigwa na jua hutoa ozoni. Na kipimo walichotumia kilikuwa nini? Kipande cha mpira! Walikikunja, wakakiweka penye hewa ile, wakahesabu dakika mpaka nyufa zitokee. Kadiri ozoni ilivyokuwa nyingi ndivyo nyufa zilivyowahi. Mpaka leo tairi lako nyuma ya nyumba linafanya kazi ile ile ya kupima hewa, ila hakuna anayeandika majibu.

Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na shida hiyo hiyo kwenye maghala, maana lilihifadhi magari mengi na matairi yake yakapasuka bila kwenda popote. Katika miaka ya 1950 wanakemia wa jeshi huko Rock Island, Illinois, walikuwa miongoni mwa waliopata dawa za kuchanganya ndani ya mpira ili ozoni ishughulike na dawa badala ya mpira. Pamoja na dawa hizo huwekwa nta. Tairi linapozunguka na kukunjika barabarani, nta na dawa hupanda juu na kulipaka ngozi mpya kila siku. Tairi lililolala stoo halikunjiki, kwa hiyo kinga hiyo inalifikia kwa uchache. Ndiyo maana kuna matairi yaliyokimbia miaka mitano yakiwa laini, na mengine yaliyolala miaka hiyo hiyo yakiwa na mistari kama kisigino kilichokauka.

Agosti 2000 mambo yalilipuka. Kampuni ya Bridgestone/Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudi, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Meno pamoja na mkanda wa chuma yalikuwa yakibanduka gari likiwa mwendo kasi. Serikali ya Marekani ilihesabu vifo zaidi ya 270. Tusidanganyane, ubovu ule ulitokana na muundo na utengenezaji, si umri peke yake. Lakini ajali zilizidi kwenye majimbo ya joto, na watu wakaanza kuuliza maswali ya umri na joto waliyokuwa hawayaulizi. Uamuzi wa kuongeza tarakimu ya nne ulikuwa umepitishwa mwaka mmoja kabla, 1999. Kilichobaki kuwa kichekesho ni kwamba sheria ilitaka mlolongo mzima uandikwe ubavu mmoja tu, kwa hiyo wenye magari wengi ilibidi walale chini ya gari na tochi kutafuta kama tairi lao limo kwenye orodha!

Utafiti uliofuata ndio unaotuhusu sisi wa nchi za joto. Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa takwimu za kampuni moja kubwa ya bima: wateja wake wa Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona walikuwa asilimia 27 ya wateja wote, lakini madai yanayohusu matairi yaliyotoka huko yalikuwa asilimia 77. Na katika hayo, asilimia 84 yalikuwa ya matairi yenye zaidi ya miaka sita. Idara hiyo ilikusanya pia matairi kutoka Phoenix, Arizona, ikakuta kwamba hata spea ambayo haijagusa lami inazeeka. Spea imejazwa upepo, na upepo ule unaisukuma oksijeni ipenye kwenye mpira kutoka ndani usiku na mchana, huku buti likiwa la moto kama tanuri.

Mkitaka kuona umri unavyoweza kudanganya macho, tazameni Uingereza. Septemba 2012 basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasukiwa tairi la mbele, likatoka barabarani katika jimbo la Surrey. Watu watatu walikufa, dereva mmoja wao. Tairi lile lilikuwa na meno ya kutosha kisheria. Lilikuwa pia na umri wa miaka 19, na mmoja wa waliokufa alikuwa kijana wa miaka 18. Tairi lilikuwa kubwa kuliko abiria! Mama wa kijana huyo alipigania sheria kwa miaka mingi, na tangu Februari 2021 matairi ya zaidi ya miaka 10 hayaruhusiwi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi nchini humo. Magari madogo hayakuguswa.

Na kwetu? Sheria ya Kenya inaruhusu gari la mtumba liingie likiwa na umri usiozidi miaka 8. Gari la miaka saba likishuka Mombasa kutoka Japani, ndani ya buti linaweza kuwa na spea iliyotoka nayo kiwandani, haijawahi kugusa barabara, inang'aa. Mwenyewe anafurahi, "spea mpya!" Anaitunza miaka mingine sita. Siku ya pancha, njiani kuelekea Voi, jua la saa nane, anafunga tairi la miaka 13 na kushika mwendo ule ule. Kwa muuzaji wa matairi ya mtumba kando ya barabara ni hivyo hivyo, anayapaka dawa nyeusi yang'ae, lakini tarakimu nne haziwezi kupakwa zikabadilika. Zisome kabla hujatoa pesa. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita. Michelin wanasema likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano na lisivuke kumi. Kwa joto letu mimi nashika ile sita.

Haya, sasa yale ya nyumbani. Ukielewa historia hiyo huhitaji kukariri kanuni, zinatoka zenyewe. Joto, mwanga, oksijeni na ozoni ndio maadui, basi weka matairi ndani, penye giza na ubaridi, mbali na bati linalochomwa na jua. Usiyaweke chumba kimoja na mashine ya kuchomelea vyuma, jenereta au mota inayotoa cheche, maana cheche za umeme zinatengeneza ozoni, ile ile ya Los Angeles. Mafuta, petroli na grisi huulainisha na kuuvimbisha mpira, kwa hivyo sakafu ya gereji yenye madoa si mahali pake, weka mbao chini. Yaoshe kwa maji na sabuni, yakauke kabisa, kisha yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kutoa hewa kadiri uwezavyo. Usiyapake ile dawa ya kung'arisha ukidhani unayatunza.

Tairi lililo na rimu lilazwe, au litundikwe kwa rimu yake. Lisilo na rimu lisimamishwe wima na kuzungushwa kidogo kila mwezi lisikalie sehemu moja, na usilitundike kwenye msumari, litapinda. Ukirundika usizidi manne, na kama kuna watoto yafunge kwa kamba, maana rundo la matairi kwa mtoto ni mlima wa kupanda. Andika kwa chaki "mbele kushoto", "nyuma kulia" kabla hujayatoa kwenye gari. Mimi nimeandika kijiprogramu cha mistari michache ambacho nakipa zile tarakimu nne kinaniambia umri kwa miezi, lakini kusema kweli chaki inatosha.

Jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kuambiwa mara mbili ni maji. Tairi lililoachwa nje linashika maji ya mvua kwa namna ambayo hata ukiligeuza hayatoki yote. Mbu aina ya Aedes hupenda kutaga mayai mahali kama hapo, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Mwaka 1985 mbu wa Asia, Aedes albopictus, alikutwa Houston, Texas, akiwa ameenea, na njia aliyosafiri nayo ilikuwa matairi ya mtumba yaliyopakiwa melini. Huku kwetu ndugu yake Aedes aegypti ndiye anayeeneza dengi na chikungunya. Lamu na Mombasa walikiona cha moto mwaka 2004 kwa chikungunya, na Mombasa tena mwaka 2013 kwa dengi. Jina chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, lilitokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu.

Kuhusu kunyanyua nitasema kwa ufupi. Gurudumu la gari dogo pamoja na rimu lina uzito wa kati ya kilo 15 na 25, na la gari kubwa la barabara mbovu linazidi hapo. Kama linaweza kubingirishwa, libingirishe. Ukilazimika kulibeba chuchumaa, lilete karibu na kifua, uinuke kwa miguu na si kwa mgongo, na usijipinde kiuno huku umelishika. Gari likiwa juu ya jeki usiingie chini yake hata kwa sekunde moja, weka stendi za chuma. Mawe na matofali hupasuka bila kupiga hodi. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari wakati unafanya kazi, jeki ikiteleza gari litaangukia hilo kwanza.

Turudi kwenye kompyuta kabla sijaenda. Kwenye mlolongo wa DOT kuna alama za kiwanda, na kwa miaka mingi zilikuwa mbili. Herufi G, I, O, Q, S na Z haziruhusiwi, maana ni rahisi kuzichanganya na nyingine, kwa hiyo zinabaki herufi 20 na tarakimu 10. Piga hesabu: 30 mara 30 ni viwanda 900 tu. Mwaka 2015 Wamarekani walitangaza kuongeza alama ya tatu kwa sababu nafasi zilikuwa zinakwisha, wakawapa watengenezaji miaka kumi, hadi Aprili 2025. Sasa nafasi ni 27,000. Kwa upande wa kiwanda walijifunza kuacha nafasi. Kwa upande wa mwaka bado ni tarakimu mbili. Tairi la wiki ya 40 mwaka 2100 litaandikwa 4000, sawasawa na la wiki ya 40 mwaka 2000. Mtasema hakuna atakayekuwa bado na tairi la mwaka 2000 stoo kwake. Mimi nimeona stoo za watu hapa Nairobi, siwezi kuapa.